Chupa Kumi za Maji ya Kuoshea

Edmonton, London
28 Agosti 2005

Kwako Mama Mdogo Daksha,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi sijambo. Mama hajambo, ila mgongo unamsumbua kwa kuwainua wazee kule kazini kwake. Ndugu yangu Israël ni mzima kutushinda wote kwa sababu hafanyi chochote. Je, wewe na mama yako, Bibi Bharti, mnaendeleaje? Macho yake yamepata nafuu tangu alipokwenda hospitali?

Siku ya mwisho uliniambia nikuandikie kwa Kiswahili, kwa mkono, ili umsomee Bibi Bharti naye asikie Kiswahili kisicho cha kwenu Moshi. Israël ameniona na bahasha akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama simu zimekatika dunia nzima. Mimi napenda barua. Kwenye barua mtu anaweza kumaliza sentensi yake.

Kwanza nakushukuru kwa zile wiki tatu za maabara. Mama bado anasimulia kanisani asubuhi aliyonileta hadi mlangoni kwenu, akashangaa daktari Mhindi anamjibu kwa Kiswahili, akakwambia, "Huyu mutoto nakuachia. Mimi ni mukubwa, wewe ni mudogo wangu." Nawe ukasema, "Basi asiniite daktari, aniite mama mdogo." Anasema tangu tufike nchi hii hajawahi kumkabidhi mtu mtoto akapokelewa namna ile.

Watu wa kanisa waliniuliza nilikuwa nafanya nini huko. Niliwaeleza hivi. Kuna kimeng'enya kinachokata sukari ya maziwa, ili mtu ambaye maziwa yanamvuruga tumbo aweze kuyanywa. Kimeng'enya hicho ni ghali, na kikishaingia kwenye maziwa huwezi kukitoa. Kwa hiyo Mama Mdogo anakibandika juu ya chembe za chuma ndogo mno. Ukizipanga maelfu kwa mstari ndipo zinafikia unene wa unywele. Kazi ikiisha unaweka sumaku ubavuni mwa chupa, chembe zote zinakimbilia upande mmoja kama unga mweusi, unamimina maziwa, unaziosha, unaanza upya. Mzee mmoja akauliza, "Mara ngapi?" Nikasema mara kumi. Akasema, "Hata wembe wangu haufiki mara kumi."

Sasa kuna jambo nililoshindwa kukuambia kwa mdomo. Nilisimama mara mbili mlangoni pa ofisi yako, lakini ulikuwa na watu.

Uliniagiza nimwage maji ya kuoshea kila mara. Sikuyamwaga. Haukuwa ukaidi. Kule kambi ya wakimbizi ya Lugufu, ambako tulikaa kwenye foleni ya maji kuanzia alfajiri, maji yaliyooshea kitu kimoja yalisubiri kuoshea kingine, na mkono wangu bado haujajifunza kuyamwaga yakiwa yametumika mara moja tu. Niliyaweka kwenye chupa kumi, nikazibandika namba, nikazipanga kwenye friji. Ijumaa ya mwisho, ulipokuwa mkutanoni, niliona niyapime kwanza kwa ile dawa inayogeuka njano kimeng'enya kikiwepo. Yakageuka njano. Yote kumi, ya mwanzo zaidi na ya mwisho kidogo.

Kama nimeelewa vizuri, kimeng'enya kinabanduka kwenye chuma na kuondoka na maji. Lakini daftari linasema kwamba hata mara ya kumi chembe zinafanya kazi asilimia tisini na nne. Nilifikiri siku nzima. Kumbe sisi tunasoma rangi baada ya saa nzima. Jikoni kukiwa na wapishi kumi, saba wakaondoka, ukija jioni utakuta chakula kimeiva na utadhani wote wapo. Inabidi uchungulie mapema. Basi nilitia dawa ileile kwenye chembe zenyewe, nikachungulia dakika ya tano. Chupa ya chembe mpya ilikuwa njano kabisa. Ya chembe za mara ya kumi ilikuwa kama maji ya bomba.

Yote nimeyaandika kwenye daftari, ukurasa wa 61. Nisamehe kama nimekosea.

Mwanao,
Miradie


Rayners Lane
4 Septemba 2005

Mwanangu Miradie,

Barua yako imetukuta salama. Mama alicheka habari ya wembe mpaka akatafuta leso, kisha akataka nirudie. Macho yake ni yaleyale, lakini ulimi ni mzima, na leo umenikaripia mara nne kabla ya chai. Mpe pole mama yako kwa mgongo. Mwambie apashe chumvi kwenye sufuria, aifunge kwenye kitambaa, ajikande.

Kuhusu chupa. Nimefurahi kuona unafikiri, wengi wanaopita pale hawafikiri kabisa. Lakini hii kazi nimeifanya miaka tisa, ngoja nikueleze. Sumaku inahitaji dakika mbili kamili. Ukimimina kabla, chembe nyingine zinatoka na maji, na chembe zikitoka kimeng'enya kimetoka nazo. Ndiyo njano uliyoiona. Au pengine chupa zilichanganyika kwenye friji. Hutokea hata kwetu sisi tuliozeekea humo ndani.

Shida ni hii tu. Profesa anapitia madaftari yote kabla makala yetu haijatumwa, na ukurasa wa 61 utamletea maswali yasiyo na sababu. Naomba uniandikie barua fupi kwa Kiingereza, mistari minne inatosha, kwamba huenda ulimimina mapema na huenda ulichanganya chupa. Itaingia kwenye faili na kulala humo. Hakuna atakayeisoma.

Halafu kuna habari njema. Kiangazi kijacho tutakuwa na nafasi moja ya mwanafunzi, wiki sita kamili, na nimeshalitaja jina lako. Mtoto akiomba chuo kikuu akiwa na wiki sita za maabara mkononi, wanamtazama kwa jicho jingine. Soma kwa bidii.

Mama mdogo wako,
Daksha


Edmonton
12 Septemba 2005

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi tu wazima na tunawaombea uzima. Chumvi imemsaidia mama sana. Sasa anawaambia wenzake wote kazini, na anaiita chumvi ya Moshi.

Ndani ya bahasha hii utakuta ile barua ya Kiingereza. Niliiandika mara tatu ili iwe safi. Nimesema kwamba huenda nilimimina mapema, kwamba huenda nilichanganya chupa, na kwamba ukurasa wa 61 usitegemewe. Nimetia sahihi. Mama alikuwa anasuka nywele zangu nilipokuwa nainakili, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naomba radhi. Akasema, "Kwa mama yako mudogo? Omba vizuri, basi. Usiandike kama muntu anadai kitu."

Nina swali moja tu. Tuseme maji ya kuoshea niliyachanganya. Lakini chembe za mara ya kumi zilikuwa kwenye chupa moja, hapakuwa na cha kuchanganya nayo. Kwa nini hazikutoa njano dakika ya tano? Swali hili sikuliweka kwenye barua ya Kiingereza. Nimekuuliza wewe peke yako.

Nafasi ya wiki sita nimeiandika kwenye karatasi, nimeibandika juu ya kitanda. Israël amechora ng'ombe pembeni yake.

Mwanao,
Miradie


Rayners Lane
19 Desemba 2005

Mpenzi Miradie,

Najua nimechelewa, naona haya. Mmejiandaaje kwa Krismasi? Sisi Diwali ilipita nikiwa maabara, mama hajanisamehe.

Makala yetu imekubaliwa. Itatoka mwezi wa pili. Na mkataba wangu, ambao kila mwaka naupigia magoti, safari hii wameuongeza miaka mitatu. Mitatu, Miradie. Nimemnunulia mama kiti kipya cha kukalia dirishani, na yeye anasema cha zamani kilikuwa kizuri zaidi.

Barua yako niliipata, ahsante. Umenisaidia kuliko unavyojua. Msalimie mama yako. Mwambie simsahau.

Mama mdogo wako,
Daksha


Edmonton
5 Machi 2006

Kwako Mama Mdogo,

Natumaini hii itawakuta wote na afya. Sisi baridi imetukamata sana mwaka huu, Israël alikohoa wiki mbili, sasa amepona na amerudi kunisumbua.

Nilikuandikia Januari lakini nadhani barua ilipotea. Nilitaka kukupongeza kwa mkataba. Mama alipiga magoti palepale jikoni akashukuru, kana kwamba ni yeye aliyeupata.

Fomu ya kiangazi nimeijaza na shule imeipeleka. Pale wanapouliza ni nani anayeijua kazi yangu, nimeandika jina lako. Mwalimu wangu wa kemia anasema wanaoomba ni wengi kutoka shule za kulipia, lakini mtu wa ndani akikusemea inatosha. Nikamwambia mtu wa ndani ni mama yangu mdogo. Alinitazama, akakutazama wewe kwenye fomu, jina la Kihindi, akacheka. Nilimweleza. Akasema, "Haya, bahati yako."

Usisahau lile swali la dakika ya tano. Silidai, naliwaza tu nikiwa kwenye basi.

Mwanao,
Miradie


Edmonton
10 Juni 2006

Kwako Mama Mdogo Daksha,

Habari za huko. Habari za Bibi Bharti.

Jana mwalimu wa kemia aliniita baada ya kipindi. Nafasi ya wiki sita nimeikosa. Hilo ningelivumilia. Lakini chuo chenu kiliambatanisha sababu, kwa kuwa shule iliuliza. Sababu inasema kwamba mwaka jana nilichanganya sampuli, kwamba sifuati maagizo, na kwamba mwenyewe nimekiri kwa maandishi. Kulikuwa na nakala ya barua yangu. Ile ya mistari minne.

Mwalimu aliigeuza kunielekea. "Hii sahihi ni yako?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana. Niliombwa."

"Niliombwa," akarudia. "Basi, Miradie, siwezi kubishana nao. Umeshabishana nao wewe, na ukajishinda."

Nikamwomba anitafutie makala yenu. Akaichapisha, nikaisoma kwenye benchi la nje kwa saa mbili na kamusi. Mchoro wa tatu unasema mara ya kumi ni asilimia tisini na nne. Chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba rangi ilisomwa baada ya dakika sitini. Maji ya kuoshea hayatajwi popote.

Uliniambia barua italala kwenye faili na hakuna atakayeisoma. Nani aliiamsha? Nauliza kwa adabu. Mama bado anakuombea kwa jina kila Jumapili, na mimi nakaa pembeni yake na kuitikia amina. Sijui nitaendelea kuitikia mpaka lini.

Miradie


Rayners Lane
1 Julai 2006

Mwanangu,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita hivyo, lakini sina neno jingine.

Mama aliiona bahasha yako akataka nimsomee. Nilimsomea salamu tu, nikaikunja barua. Akasema, "Mtoto huyu siku zote anaandika kurasa mbili, leo ameandika salamu tupu?" Nikamwambia ana mitihani. Akageuzia uso dirishani. Yeye haoni vizuri, lakini mimi ananiona.

Nitakueleza yote. Nilipopata barua yako ya kwanza nilirudia kipimo chako siku iliyofuata. Nilisubiri sumaku dakika mbili, nikasubiri hata tano. Maji yalikuwa njano. Nikachungulia dakika ya tano. Ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi kabla sijakuomba ile barua ya Kiingereza, na niliiomba nikijua.

Wakaguzi wa makala waliuliza kama tumepima maji ya kuoshea. Profesa akafungua daftari, akakuta ukurasa wa 61, akaniita. Nilikuwa na barua yako kwenye folda. Nikamwekea mezani. Akaisoma, akasema, "Ah, mtoto wa shule," akafunga daftari. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Fomu yako ilipokuja alikumbuka jina. Alisema hawezi kumrudisha mtu asiyefuata maagizo. Nilikuwa nimekaa hapohapo, kiti cha pili. Sikusema kitu.

Nina miaka arobaini na moja. Miaka tisa nimeishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na mama hana mwingine. Sisemi haya ili unihurumie. Nayasema kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu pale kwenye kiti.

Nisamehe, Miradie. Nimekukosea kama mtoto asivyopaswa kukosewa. Njoo Jumamosi hapa nyumbani, kila Jumamosi ukitaka, nitakufundisha chochote ninachokijua, bora kuliko wiki zao sita. Nakuomba tu hili libaki kati yetu. Profesa akilijua, sina kazi.

Mama mdogo wako,
Daksha


Edmonton
8 Julai 2006

Kwako Mama Mdogo Daksha,

Salamu kwako na kwa Bibi Bharti. Sisi tunapumua.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nililia kwa furaha, na hilo ndilo linaloniaibisha. Nilifurahi kwamba nilikuwa sahihi. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa najiambia kwamba mkono wangu hauaminiki. Nilikuwa nahesabu sekunde mara mbili kwenye kila jaribio la shule, wenzangu wakanipa jina la Saa ya Ukutani. Nilifikiri ni mimi, kumbe ulikuwa unajua tangu siku ya pili.

Nimemwambia mama. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, amekaa kwenye ngazi na sare yake, kiatu kimoja mkononi. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka kitu. Alisema, "Nilimukabizi," kisha akavaa tena kiatu alichokwisha kukivua, kama mtu anayetaka kutoka, lakini hakutoka.

Sitaki kuja Jumamosi.

Ninachotaka ni hiki. Uongo juu yangu umeandikwa kwa Kiingereza, una sahihi yangu, na upo kwenye mafaili mawili, la chuo na la shule. Ukweli umeuandika kwa Kiswahili, ukautuma Edmonton. Umeniomba msamaha kwa lugha ambayo hakuna mtu kazini kwako anayeisoma. Uandike tena kwa Kiingereza. Si lazima useme unasikitika, wala si lazima useme kwamba ulijua. Sema tu kwamba ulirudia kipimo cha ukurasa wa 61 na matokeo ni yaleyale. Mistari minne inatosha. Mpe profesa, na nakala moja kwa mwalimu wangu.

Fomu za chuo kikuu zinaondoka shuleni katikati ya Oktoba. Nitasubiri. Mimi sitamwandikia profesa. Ningeweza, mwalimu amesema atanisaidia, lakini ulikabidhiwa wewe, na nataka iwe wewe.

Mwanao, mpaka hapo,
Miradie


Rayners Lane
30 Septemba 2006

Mpenzi Miradie,

Natumaini mmeingia vuli hii mkiwa na afya, na shule imeanza vizuri. Mama anakusalimu. Amekuwa akiuliza habari zako.

Nimekuwekea humu barua ya kukupendekeza kwa chuo kikuu, kwenye karatasi yenye nembo ya maabara. Nimeandika kwa moyo wote. Wenye vyuo huheshimu barua kama hii, itafunika yale mengine. Mwaka huu tumepata pia fedha za kuendeleza kazi ya zile chembe, kwa hiyo sina nafasi hata ya kupumua.

Nimefanya nililoweza. Naomba ulipokee hivyo.

Mama mdogo wako,
Daksha


Edmonton
14 Oktoba 2006

Dkt. Daksha,

Salamu. Mwambie Bibi Bharti kwamba namheshimu, na kwamba mitihani haikuwa sababu.

Nakurudishia barua yako. Nimeisoma hadi mwisho, hata nyuma ya karatasi nilitazama. Inasema mimi ni mpole, nawahi kufika, na najifunza haraka. Inasema nilikuwa furaha kwa kila mtu maabara. Haisemi nilipima nini.

Israël aliikuta mezani akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alipomaliza hakucheka. Aliniuliza, kwa Kiswahili, sijui mara ya mwisho aliniuliza kitu kwa Kiswahili lini, "Huyu anakujua kweli?"

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya fomu. Mwalimu alingoja mpaka saa kumi, koti limeshavaliwa. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote nje ya shule anayeijua kazi yangu, ili aandike jina lake pale kwenye mstari. Nikamwambia hakuna. Akapiga mstari kwenye nafasi ile kwa rula, akaifunga bahasha.

Miradie Asukulu